Wakala Mmoja, Wateja Watatu

Tangu Safaricom ianzishe M-Pesa Machi 2007, maduka mengi ya rejareja katika miji midogo kama Malakisi, Kaunti ya Bungoma, yamegeuka pia kuwa mahali pa kuweka na kutoa pesa. Anayepima sukari ndiye anayeshika simu ya wakala. Mmoja anadai chenji, wa pili anataja nambari, wa tatu anauliza bei ya sabuni, na muuzaji anayewajibu wote kwa mpigo husifiwa kuwa hodari. Sifa hiyo ina kasoro. Akili haifanyi kazi mbili za kufikiri kwa wakati mmoja. Huiacha hii ikarukia ile, na kila mruko una gharama yake.

Majaribio ya wanasaikolojia Rubinstein, Meyer na Evans, yaliyochapishwa Marekani mwaka 2001, yalionyesha kwamba watu hupoteza muda kila wanapobadili kazi, na kazi ikiwa ngumu zaidi, hasara huongezeka. Mwaka 2009, mtafiti Sophie Leroy alionyesha kuwa fikra za kazi iliyoachwa kiporo huendelea kuzongazonga ile inayofuata. Hapo ndipo wakala anapoponzeka. Mteja akitaka kuweka pesa, wakala huingiza nambari ya simu ya mteja huyo, kisha kiasi, halafu PIN yake mwenyewe, na huenda akauandika muamala katika daftari lake. Akiitwa katikati ya tarakimu kumi za nambari hiyo, 1 huweza kugeuka 7, pesa zikaingia kwa mtu mwingine. Akisahau kuandika, jioni floti (salio la wakala) na daftari havipatani.

Kuna watakaouliza: mbona mama hupika huku akisimulia hadithi? Kusonga ugali ambako mkono umekuzoea hakuhitaji kufikiri sana. Nambari ya mteja mpya inahitaji. Wengine watasema kukatizwa huongeza kasi. Kweli, utafiti wa Gloria Mark na wenzake wa 2008 uliona waliokatizwa wakimaliza mapema, lakini wakiwa na msongo na shinikizo zaidi. Na mwenye duka asiyemudu msaidizi? Huyo ndiye asiyemudu kosa. Dawa yake haina bei: amalize muamala mmoja hadi ujumbe wa uthibitisho uingie, ndipo amgeukie anayefuata. Nasi wateja tumwachie nafasi hiyo. Mshika mbili moja humponyoka, na itakayomponyoka huenda ikawa pesa yako.