Joto la Kale na Udongo wa Shamba Lako

Mkulima wa Nyakanazi, tazama kijito baada ya mvua kubwa. Maji yake ni mekundu. Hayo si maji matupu. Ni udongo wa juu wa shamba la mtu, pengine lako, nao ndio wenye chakula cha mimea. Jambo hili lilipata kutokea kwa kiasi kikubwa sana katika nchi hii kabla mwanadamu hajakuwako. Yafaa tulijue, maana linatufundisha la kufanya sasa.

Habari ya joto la kale

Yapata miaka milioni 56 iliyopita, hewa ya ukaa iliongezeka sana angani. Hewa hii huifunika dunia kama blanketi na kuzuia joto lisitoke. Kwa muda wa miaka elfu chache dunia nzima ilizidi joto kwa nyuzi 5 mpaka 8 za Selsiasi. Kupoa tena kulichukua zaidi ya miaka 100,000.

Twajuaje? Katika miaka ya 2000 wataalamu walichimba mashimo membamba yaendayo chini sana huko Kilwa na Lindi. Zamani zile mahali hapo palikuwa chini ya bahari, na matope ya nchi kavu yalitua humo tabaka juu ya tabaka. Katika tabaka la wakati wa joto, huko Pande wilayani Kilwa, waliona mambo mawili. Kwanza, nta ya majani iliyohifadhika katika matope ilionyesha kuwa nchi ilikuwa kavu zaidi. Pili, udongo wa mfinyanzi na mabaki ya mimea kutoka nchi kavu yaliongezeka.

Mambo haya mawili hayapingani. Mvua kwa jumla ilipungua, lakini iliponyesha ilikuja kwa nguvu. Ilikuta ardhi imekauka, ikaichukua mpaka baharini.

Nchi nyingine nazo ziliguswa. Huko Wyoming, Marekani, miti ya zamani ilipungua, na mimea ya jamii ya kunde na maharage ikaingia. Majani yaliyogeuka mawe yana matundu mengi kuliko ya kabla yake, kwa kuwa wadudu walizidi kula. Hata farasi wa wakati ule, ambao walikuwa wadogo tangu hapo, walipungua mwili kwa karibu theluthi moja.

Yatuhusu nini?

Leo hewa ya ukaa inaongezeka tena kwa sababu ya mafuta na makaa yachomwayo katika mitambo, na misitu inayokatwa na kuchomwa. Inaongezeka upesi kuliko zamani zile, yapata mara kumi. Mimea ya kale ilikuwa na maelfu ya miaka ya kuhamia mahali pa kuifaa. Shamba lako haliwezi kuhama. Basi lilinde hapo lilipo.

Fanya hivi

1. Lima matuta kukingama mteremko, wala usiyaelekeze chini. Tuta linaloshuka na mteremko ni mfereji wa kuibia udongo wako.

2. Panda matete kwa mistari juu ya kingo za makinga maji. Mizizi yake hushika udongo, na majani ni chakula cha mifugo.

3. Usichome mabua ya mahindi wala nyasi. Yatandaze shambani, ili matone ya mvua yaangukie majani na siyo udongo mtupu.

4. Katika migomba tandaza majani kwa unene, lakini yaache mbali na shina kadiri ya nusu mita, maana fukusi hupenda kujificha humo.

5. Changanya mahindi na maharage au kunde. Hufunika ardhi upesi, na huongeza rutuba.

6. Usitegemee zao moja. Kipande cha muhogo au mtama kitakuokoa mwaka ambao mvua zimechelewa.

7. Kagua majani kila juma. Ukiona wadudu usiowajua, mpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba jani lenyewe, bila kungoja.

Anza na sehemu yenye mteremko mkali, kabla mvua za kwanza hazijaanza. Udongo uliochukuliwa Kilwa zamani zile uko chini ya matabaka mpaka leo. Haukurudi shambani kwa mtu yeyote. Wako nao ukienda hautarudi.