Mbwa Mdogo Aliyetupwa

Mara kwa mara hutujia vijana wa upande huu wa Mbinga na wa pwani ya Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay hata Lituhi, wakatuuliza: "Mwalimu, je, yafaa Mwislamu kumtwaa mbwa mdogo aliyetupwa na mwenyewe?" Swali hili ni zito kuliko wengi wadhanivyo, kwani wengi wetu tumelelewa kumwona mbwa kuwa ni wa kurushiwa mawe tu, na mtoto amfukuzaye kwa fimbo husifiwa kuwa amehifadhi tohara yake.

Hilo la mawe na tulikatae kwanza. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira habari ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka alimkuta mbwa akihema na kulamba udongo wenye unyevu. Akarudi chini, akajaza maji kiatuni mwake, akakiuma kwa meno, akapanda, akamnywesha. Na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Na katika Sura ya Kahf, mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao, amejinyoosha kizingitini. Sheria ya nchi nayo, ile ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, yakataza ukatili huo.

Lakini kumhurumia ni jambo moja, na kumfuga ni jambo la pili. Imepokewa pia kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku, isipokuwa awe ni mbwa wa mifugo, wa shamba au wa kuwinda. Basi mkulima wa milima ya Umatengo, ambaye mahindi yake yamo katika ngoro na nyani na nguruwe mwitu wanayavizia, mlango uko wazi kwake. Wala asiudharau udogo wa mbwa: kazi ya kwanza ya mlinzi ni kubweka, na mdogo hula kidogo, maana nyumba zetu nyingi hazina ugali wa kusaza. Ama yule wa kupakatwa sebuleni kwa fahari, kama tuonavyo siku hizi katika picha za simu, sisi hatumwonei udhuru. Huyo mtafutie mwenye shamba, na hata apatikane, mpe chakula na maji.

Katika habari ya tohara, watu huogopa kupita kiasi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika ya Mashariki, mate na unyevu wake ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ila kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Imamu Malik yeye amemwona mbwa kuwa ni tohara. Mjengee kibanda nje na umtengee sahani yake. Hapana sababu ya kumpiga kwa kuwa amepita kando ya mkeka mkavu.

Linalotutia hofu zaidi ni kichaa cha mbwa. Aliyeokotwa hajulikani alikotoka wala aliumwa na nani, na ugonjwa huu, dalili zikisha kumtokea mtu, kupona ni nadra mno. Kwa hiyo kabla watoto hawajamzoea, mpeleke kwa bwana mifugo achanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mfano mwema tunao kwa ndugu zetu wa Pemba, kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu. Huko mbwa walianza kuchanjwa kwa wingi mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka; ukaingia tena 2016, wakachanja tena, na kufikia 2018 ukaondoka. Wataalamu husema yapasa kuchanja mbwa 70 katika kila 100, basi mwite na jirani alete wake. Mtoto aking'atwa, hata kama ni mkwaruzo tu, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akachomwe sindano.