Mahali pa Mama: Makabati ya Vipande na Pembe Zilizosahauliwa



Majuzi tuliitwa kusuluhisha mume na mke katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Mume alitaka kumleta mama yake mzee kutoka Lamu aje akae nao. Mke, tuliambiwa, amekataa. Tukaenda na nasaha zetu za kulainisha nyoyo. Tulipoketi, yule mke alisema kwa adabu: "Sheikh wetu, mama simkatai. Nionyesheni tu pa kutandika kitanda chake."

Tukavitazama vyumba vile viwili, tukanyamaza. Kabati la nguo lilikuwa na urefu wa mita mbili na lilitoka ukutani sentimita 65. Ukijumlisha na nafasi ya kufungulia milango yake, lilikuwa limekalia mahali pa kitanda kizima. Ugomvi ule haukuwa wa nyoyo, ulikuwa wa nafasi.

Wazee wetu waliijua shida hii. Katika nyumba za kale za Lamu na Mombasa, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, nao kwa kawaida haukuzidi mita tatu hivi. Vyumba vikawa virefu na vyembamba. Basi vyombo waliviweka wapi? Katika ukuta wenyewe. Zidaka zilizopambwa kwa chokaa zilibeba sahani za kaure na vitabu, bila ya kumpunguzia mtu hata shubiri moja ya sakafu. Kanuni yao ilikuwa kwamba chombo hufuata nyumba; mwenye nyumba hakipishi chombo.

Leo wengi wetu hatujengi, twapanga. Kwa mpangaji, lililo karibu na hekima ya zidaka ni makabati ya vipande: visanduku vinavyosimama kila kimoja peke yake, vyenye upana wa sentimita 30, 40 au 60, kisha huunganishwa kwa skurubu kwa namna mahali panavyotaka. Hupita katika ngazi nyembamba, ambapo kabati zima hupandishwa dirishani kwa kamba. Na siku ya kuhama, hufunguliwa yakaenda na mwenyewe, pasiwe na mzozo na mwenye nyumba juu ya kilichojengewa ukutani.

Tulimwita fundi tunayemwamini, tukazunguka naye. Chini ya ngazi palikuwa na pembetatu iliyojaa magunia. Pakaingia visanduku vitatu vya kimo cha sentimita 40, 80 na 120, vikipanda pamoja na ngazi. Juu ya mlango, chini ya dari, pakawekwa safu ya visanduku vifupi vya vitu vya msimu: mikeka ya wageni na masufuria ya walima. Ukumbini, ambapo watu wawili hawapishani bila ya kugeuka ubavu, pakatosha kabati la viatu lenye kina cha sentimita 20. Nguo nazo zikagawanywa. Za kutungika zahitaji kina cha sentimita 60, lakini za kukunjwa hutoshewa na 40. Kanga, shuka na kanzu nyingi zikahamia rafu nyembamba, na lile kabati kubwa likauzwa.

Fundi alitupa tahadhari ambazo twaona ni amana kuzifikisha. Kuta za matumbawe hazinyooki. Pima juu, katikati na chini, kisha ushike kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Kuta hizo pia hupumua unyevu na chumvi, kwa hiyo acha upenyo wa vidole viwili nyuma ya kabati, na uliinue juu ya miguu ili maji ya kudekia yasilifikie. Mbao za unga ulioshindiliwa, waziitazo mafundi MDF, huvimba zikinywa maji. Karibu na jikoni na choo, plaiwudi isiyoogopa maji ni bora, ijapokuwa bei yake ni ya juu. Kabati refu lifungwe ukutani kwa juu, kwani mtoto hupanda droo kama ngazi, nalo likamwangukia. Ukuta ukiwa wa kumomonyoka, fundi atafute penye jiwe imara. Na mtungi wa gesi usifichwe ndani ya kabati chini ya ngazi: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini ikingoja cheche.

Lakini kabla ya msumeno kuna kazi ambayo fundi haiwezi. Tulimwomba kila mmoja katika nyumba ile atoe alichokuwa hakukigusa mwaka mzima. Vilitoka vyombo vya kutosha maharusi wawili, na nguo za watoto ambao sasa wamebaleghe. Vikapewa wenye haja. Kabati jipya lisilotanguliwa na kazi hii huwa kaburi la mali tu; laficha israfu, haliiondoi. Nusu ya nafasi tuliyoitafuta ilipatikana kabla ya ubao wa kwanza kukatwa.

Mama amewasili, alhamdulillahi. Kitanda chake kiko penye upepo, chini ya dirisha. Ubavuni mwake yule mkwe aliacha kisanduku kimoja kitupu kwa makusudi, wala hakuambiwa na mtu. Tulipomuuliza, alitujibu: "Asiye na pa kuweka kanga zake hujiona mgeni."

Tulikuwa tumekwenda kumfundisha, tukarudi tumefundishwa. Basi, ndugu zetu, kabla hamjasema kwamba nyumba imejaa, tazameni imejaa nini: ni watu, au ni vitu? Mwenyezi Mungu azipanue nyumba zetu kwa wazee wetu. Amin.