Kipindi cha Vichekesho Kilichotimiza Miaka 50



Kila Siku ya Wanafunzi wa Zamani inapokaribia, chama chetu cha maigizo hupatwa na taabu ile ile. Wazee hutaka kuonyeshwa vichekesho walivyovicheza wao. Sisi hutaka kuonyesha vyetu vipya. Mwaka huu mzigo wa kupanga vichekesho umeniangukia mimi. Katika kutafuta shauri nimeona kwamba taabu hii si yetu peke yetu. Imewapata hata watu wa New York, wenye fedha na wachezaji mashuhuri kutushinda sana. Nataka kuwaeleza habari zao, kisha niwaambie nilivyoamua.

Kipindi chenyewe huitwa Saturday Night Live, nacho huonyeshwa na kampuni ya televisheni ya NBC. Kilianza usiku wa tarehe 11 Oktoba, 1975. Mwanzilishi wake ni Lorne Michaels, mtu wa Kanada, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 30 tu. Aliondoka mwaka 1980, akarudi mwaka 1985, na jubilii ya miaka 50 ilimkuta bado akikiongoza. Kazi ya kipindi ni kuonyesha vichekesho vifupi, kila kimoja cha dakika chache, pamoja na muziki na habari za dunia zinazosomwa kwa mzaha. Kila juma hualikwa mgeni mmoja mashuhuri aongoze.

Yafaa tujue jinsi kinavyotengenezwa, maana ndipo penye asili ya ubishi wote. Jumatatu mgeni wa juma hukutana na waandishi. Jumanne waandishi hukesha wakitunga. Jumatano wote hukaa pamoja na kusoma kwa sauti vichekesho vilivyotungwa, ambavyo hufika kama 40, na vingi hutupwa siku ile ile. Alhamisi na Ijumaa maseremala hujenga jukwaa, washonaji hushona mavazi, na wachezaji hujizoeza. Jumamosi saa mbili za usiku huchezwa zoezi la mwisho mbele ya watazamaji, na kisichochekesha hukatwa. Kisha saa tano na nusu usiku kipindi huingia hewani kwa muda wa dakika 90, moja kwa moja. Kwa kuwa maneno hubadilishwa mpaka dakika ya mwisho, wachezaji huyasoma katika kadi kubwa zilizoandikwa kwa mkono na kushikwa kando ya kamera.

Sasa fikiri, msomaji: kitu kinachotungwa kwa siku sita kitakuwaje kizuri kila juma? Hakiwezi. Kila Jumamosi huwa na vichekesho vinavyofaulu na vinavyoanguka. Lakini miaka ikipita, vilivyoanguka husahauliwa, na vilivyofaulu huonyeshwa tena na tena. Ndiyo maana zamani huonekana kama dhahabu tupu, na leo huonekana kama mchanga.

Jubilii yenyewe ilifanywa Jumapili, tarehe 16 Februari, 2025, katika studio ile ile ya New York iitwayo 8H. Ilichukua zaidi ya saa tatu. Ilifunguliwa na Paul Simon, mwenye miaka 83, akiimba wimbo alioimba katika kipindi hicho mwaka 1976 pamoja na George Harrison. Safari hii aliimba na binti aitwaye Sabrina Carpenter, ambaye alisema kwa mzaha kwamba mwaka ule hata wazazi wake walikuwa hawajazaliwa. Mwisho alikuja Paul McCartney, mwenye miaka 82, akafunga sherehe kwa nyimbo.

Sisi hapa tulitazama vipande vyake kwa intaneti, na tukasoma maoni ya wapenzi wa kipindi. Maoni yao naweza kuyagawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la walionung'unika juu ya wageni. Walisema kwamba siku ya jubilii ni siku ya wenye nyumba, yaani wale waliofanya kazi katika kipindi, lakini nafasi nyingi walipewa waimbaji na wachezaji wa filamu. Wengine wakawajibu kwamba tangu mwanzo kipindi hiki huishi kwa wageni, na kwamba Meryl Streep, mchezaji mkubwa wa filamu, alipotokea kama mama wa mwanamke aliyechukuliwa na watu wa nyota nyingine, alistahili nafasi yake.

Fungu la pili ni la waliohesabu nani yupo na nani hayupo. Dan Aykroyd, mmoja wa wachezaji wa mwaka 1975, hakuonekana. Bill Hader naye vivyo hivyo. Wengi walisikitika kwamba majina ya marehemu hayakusomwa yote kwa heshima. Lakini palikuwa na jambo moja lililowagusa. Garrett Morris, mzee wa miaka 88 na Mweusi pekee kati ya wachezaji wa kwanza, alileta filamu fupi ya mwaka 1978. Katika filamu hiyo John Belushi, akiwa amevalishwa kama mzee, anazuru makaburi ya wenzake na kujisifu kwamba yeye ndiye aliyesalia. Ilikuwa dhihaka tu. Lakini Belushi ndiye aliyetangulia kufa, mwaka 1982, akiwa na miaka 33; na Gilda Radner akamfuata mwaka 1989. Kadhalika Adam Sandler aliimba wimbo wa kuwakumbuka wote waliopita pale, akawataja Chris Farley na Norm Macdonald waliokwisha kufa, na watazamaji wengi walikiri kwamba walilia.

Fungu la tatu ni la waliozungumza juu ya vichekesho visivyochekesha tena. Tom Hanks alisimama kwa uso wa huzuni kama mtu aliye mazishini, akasema anawaomboleza marehemu; kumbe marehemu wenyewe walikuwa vichekesho vya zamani vilivyodhihaki watu kwa sababu ya kabila lao, rangi yao au maumbile yao. Baadhi ya wapenzi walisema kwamba hii ilikuwa njia nzuri ya kukiri kosa. Baadhi walisema kwamba anayekiri kosa huku akilirudia mbele ya watu bado hajatubu. Wengine waliuliza ubaya uko wapi, maana zamani wote walicheka.

Hapo nilisimama kidogo, maana nilijiona mwenyewe. Mwaka jana, kwa kuombwa na wazee wetu, tulicheza kichekesho cha zamani cha mpishi wa shule asemaye kwa matamshi ya kwao. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi. Wazee walicheka mpaka machozi, nami nikazidisha. Nilipogeuka nikamwona mpishi wetu wa kweli, ambaye atoka upande ule ule, amesimama mlangoni na birika la chai ya wageni. Aliliweka mezani, akaenda zake. Jumatatu nilimfuata jikoni nikamwambia, "Mzee, nisamehe." Akanijibu, "Ulicheza vizuri, mwanangu," akaendelea kukoroga uji. Nilitamani angenigombeza. Je, wote walicheka? Walicheka wote waliokuwa wamekaa vitini.

Fungu la nne, tena kubwa kuliko yote, ni la wasemao kwamba kipindi kilikuwa kizuri zamani na sasa kimeharibika. Ajabu ni kwamba hawapatani ni zamani ipi. Mmoja husema ni wakati wa Belushi. Mwingine ni wakati wa Eddie Murphy. Mwingine ni wakati wa Sandler. Lorne Michaels mwenyewe amewahi kueleza sababu: kila mtu huona kwamba wachezaji bora ni wale aliowatazama alipokuwa katika shule ya sekondari. Neno hili yafaa tulitie akilini sisi tulio shuleni, na wazee wetu pia.

Jibu zuri kwa fungu hilo lilitolewa na NBC wenyewe. Usiku wa kuamkia jubilii walikionyesha tena kipindi cha kwanza kabisa. Mgeni George Carlin alizungumza peke yake mara kadhaa na hakuigiza kichekesho hata kimoja. Waimbaji walikuwa wawili, Billy Preston na Janis Ian. Vikaragosi vya Jim Henson navyo vilikuwa na zamu yao. Na wale wachezaji wanaosifiwa leo walipata nafasi ndogo tu. Dhahabu haikuwa dhahabu siku ya kwanza.

Tena kuna habari ya mwaka 1980. Michaels na wachezaji wa kwanza walikuwa wameondoka, na wale wapya walilaumiwa vikali. Wengi walisema kipindi kimekufa. Lakini ndani ya kundi lile lile lililolaumiwa aliingia kijana wa miaka 19, umri wangu mimi, jina lake Eddie Murphy. Huyo ndiye aliyekiokoa. Katika sherehe ya miaka 40, mwaka 2015, alikuja akashukuru kwa maneno machache bila kuchekesha, na wapenzi wake walihuzunika. Katika jubilii ya mwaka 2025 alikaa katika kichekesho kimoja karibu na Tracy Morgan, akamwiga Tracy Morgan sauti na uso, na wengi walisema hicho ndicho kilichowachekesha kupita vyote usiku ule.

Basi maoni yangu ni haya. Sherehe ya namna hii haipimwi kama kipindi cha kila juma, maana ni kama arusi: kila jamaa hutazama kwanza kama ndugu yake amepewa kiti. Kwa hiyo manung'uniko hayakosekani, nayo si dalili ya chuki bali ya mapenzi. Lakini waliosema kwamba zamani tu ndiko kulikuwa na wachezaji hodari walikosea. Kila zama na kitabu chake, na kitabu cha zama hizi bado chaandikwa. Angefungiwa mlango yule kijana mwaka 1980 kwa ajili ya kuwalilia waliotangulia, jubilii ingekosa furaha yake kubwa.

Kwa sababu hiyo nimeamua hivi. Kichekesho cha mpishi hakitachezwa tena, wala mwaka huu wala mwaka mwingine wowote nikiwa na sauti katika chama. Kile cha kiranja aliyesahau kupiga kengele kitachezwa, nasi twawaomba wazee waliokibuni wapande jukwaani wakicheze wenyewe, tuone kama bado wanaweza kukimbia. Na nafasi ya mwisho, ambayo kwa desturi ni yetu wakubwa, tumewapa vijana wa Kidato cha Kwanza. Nimewatazama wakijizoeza. Wawili hawasikiki sauti, na mmoja husahau maneno yake. Lakini yuko mdogo mmoja ambaye akiinua nyusi tu, chumba kizima huangua kicheko.

Wazee wetu, msiondoke kabla ya zamu yao. Na Mzee wa jikoni nimemwekea kiti mstari wa mbele. Amesema ataona kama kazi zitamruhusu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita