Pasi Haitoi Rezini

Swali huja na nguo mkononi. Anayeuliza ni kijana anayetengeneza vishikio vya funguo vya rezini mezani kwao, au seremala aliyeingia kwenye biashara ya meza zenye mto wa buluu katikati ya mbao. Kwenye shati lake kuna tone linalong'aa, gumu kama ukucha. "Fundi, pasi niiweke moto kiasi gani?" Haulizi kama pasi inafaa. Hilo alishaliamini zamani: gazeti juu, pasi ya moto, doa linahamia kwenye gazeti. Kwake kimebaki kipimo tu.

Hakuna kipimo. Wanaoijua rezini wamelijibu swali hili mpaka wamechoka, na bado linarudi wiki inayofuata na shati jingine.

Ujanja wa pasi na gazeti ni wa kweli, ila ni wa nta ya mshumaa. Nta ikipata moto inakuwa maji na karatasi inaifyonza, ikipoa inaganda, ikipata moto tena inayeyuka tena, kama samli. Rezini ya epoksi haiko hivyo. Inauzwa katika chupa mbili, moja ya rezini na nyingine ya hadina, na vikishachanganywa molekuli zake huanza kushikana huku na huku mpaka tone zima linakuwa wavu mmoja. Hapo haijakauka kama rangi inavyokauka. Imeiva kama yai linavyoiva, na hakuna jiko linaloweza kulirudisha yai la kuchemsha kuwa ute. Kinachong'ang'ania kwenye shati ni yai lililoivia ndani ya nyuzi.

Anayepiga pasi doa ambalo bado bichi ndiye anayejiumiza zaidi. Rezini mbichi ni nzito kama asali, na kwa dakika kadhaa hukaa juu ya kitambaa bila kuzama sana. Moto unaifanya iwe nyepesi, nayo inapenya kwenye nyuzi kama mafuta kwenye utambi. Moto huohuo unaharakisha kuiva: kwa makadirio ya kawaida ya wanakemia, kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka, kasi inakaribia kuwa maradufu. Pasi iliyowekwa kwenye alama ya pamba inafika karibu nyuzi 200. Kazi ambayo ingechukua siku nzima inaisha mtu akiwa bado ameshika mpini. Gazeti nalo halinyonyi chochote, linagandishwa. Yako mashati ambayo yamebaki na kipande cha karatasi kifuani, herufi zake zikisomeka chini ya ngozi ya rezini.

Kwa nini basi watu wanaapa kwamba imewasaidia? Kwa sababu rezini nyingi za kazi za mikono, hata zikishaiva, hulainika kidogo zikifika nyuzi 50 au 60 hivi. Chini ya pasi tone linakuwa kama ngozi, linabanwa, linatandazwa, linapoteza kile kimo chake kilichokuwa kinaonekana kwa mbali. Mtu anaona doa limekwisha. Nguo ikipoa, pale mahali pamekakamaa, na baada ya kufuliwa na kukunjwa mara chache kitambaa kinaanza kuchanika kwenye ukingo wa doa. Halijatoka, limelala tu.

Imani hii ina mizizi inayoeleweka. Utomvu wa miti watu wa pwani wanaujua tangu enzi na enzi, na katika karne ya 19 sandarusi, aina ya utomvu huo, ilisafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar hadi Salem, Marekani, kwa ajili ya vanishi. Watengenezaji wa vanishi waliipasha moto mkali hadi ikayeyuka, kisha wakaichanganya na mafuta ya kitani. Sandarusi inakubali moto. Epoksi imerithi jina tu la rezini, tabia ni nyingine.

Mafuta ya taa na petroli ni ndugu wa imani hiyo. Yanatoa grisi na rangi ya mafuta ambayo haijakauka. Epoksi hayaiyeyushi, na mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya cheche ya jiko la chumba cha pili. Jiki ni mbaya zaidi: inakula rangi ya nguo na kudhoofisha pamba, rezini inabaki palepale. Tena yuko anayemimina jiki juu ya asetoni, bila kujua kwamba viwili hivyo vikikutana vinaweza kutengeneza klorofomu; na jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini. Hiyo si dawa ya nguo hata kidogo.

Sasa kinachofaa, kwa kifupi. Cha kwanza ni muda. Rezini ya epoksi ikiwa bado inanata, kuna tumaini. Nguo inavuliwa, glavu za naitrili zinavaliwa, na tone linakwanguliwa kwa kijiko au kadi ngumu kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kitambaa cheupe kinawekwa chini ya doa, nguo inageuzwa, na kwa upande wa ndani doa linagongwagongwa kwa pamba yenye spiriti kali au asetoni, kitambaa cha chini kikibadilishwa kila kinapopata unyevu. Dirisha wazi, jiko limezimwa. Asetoni inajaribiwa kwanza kwenye upindo, maana inaweza kuchuja rangi, na kitambaa cha asetati, kama bitana za makoti kadhaa, inakiyeyusha kabisa. Kisha sabuni ya vyombo na maji baridi, nguo hiyo peke yake, mbali na nguo za mtoto. Haianikwi juani mpaka doa liwe limetoka kweli, kwa sababu joto linamalizia kazi; na rezini ile inayogandishwa kwa taa ya zambarau, jua lenyewe ndiyo taa yake. Iliyoruka mwilini inaoshwa kwa sabuni na maji. Asetoni haifai hapo, kwa kuwa inaisaidia rezini kupenya kwenye ngozi, na mzio wa epoksi ukishampata mtu mara nyingi haumwachi.

Iliyoiva ikiwa imekaa juu tu, nguo inawekwa kwenye friza saa chache na tone linavunjwa kwa koleo. Au linapulizwa kwa draya ya nywele mpaka lilainike, kisha linabanduliwa. Iliyozama haitoki. Vitoa rangi vyenye metilini kloridi vinaweza kuivimbisha, lakini mvuke wake umeua watu, na mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuviuza kwa wananchi wa kawaida. Shati halistahili hatari hiyo. Linapelekwa kwa fundi cherehani, anakata pale, anashona mfuko wa kifua juu yake.