LEHEMU YA RISASI HUUA PETE YA FEDHA

Tuseme bibi yako alikuachia pete ya fedha. Aliivaa miaka mingi. Siku moja pete inakatika pale ilipoungwa. Wewe unakaa Mkata, wilayani Handeni, au unakaa Mombo, wilayani Korogwe. Unaipeleka gulioni kwa fundi anayetengeneza redio. Fundi anachukua chuma cha moto na waya wa risasi. Kwa dakika mbili tu pete imeshikana. Unalipa, unashukuru, unakwenda zako.

Baada ya miezi michache pete inaachia tena palepale. Safari hii unaipeleka kwa sonara mjini. Sonara anaitazama pete, kisha anatikisa kichwa. Anakuuliza, "Nani ametia risasi hapa?"

Kwa nini sonara anasikitika? Fundi wa redio hakukuibia. Ametumia lehemu ya kazi yake. Lakini lehemu ya redio si lehemu ya pete. Ndugu msomaji, katika makala hii tutaeleza tofauti yake. Tutaeleza pia jinsi sonara anavyounga pete na kuing'arisha. Ukijua kazi hii, hutaharibu urithi wako, wala hutadanganywa unaponunua.

RISASI INAKULA FEDHA

Lehemu ni madini yanayoyeyushwa ili kuunga vipande viwili vya madini. Lehemu ya redio ya kawaida imechanganywa risasi na bati. Inayeyuka upesi, kwa joto dogo. Ndiyo maana inafaa kwa redio.

Fedha ni kitu kingine. Fedha safi huyeyuka katika joto la nyuzi 961 za Sentigredi. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327 tu. Kiungo cha risasi juu ya fedha ni dhaifu. Pete inagongwa na jembe, inagongwa na mchi, kiungo kinaachia.

Lakini hasara kubwa huja baadaye. Sonara akiipasha moto pete hiyo mpaka iwe nyekundu, risasi haikai juu. Inaingia ndani ya fedha na kuila. Panabaki mashimo. Kwa hiyo lazima sonara aikwangue risasi yote kwanza, hata chembe ya mwisho. Akikwangua, pete inapungua. Pengine hana budi kukata sehemu ile na kutia kipande kipya.

FEDHA NI MADINI, FEDHA NI PESA

Katika Kiswahili tunasema "fedha" kwa maana mbili. Fedha ni madini meupe yanayong'aa. Fedha pia ni pesa. Maana hizi mbili zina asili moja. Zamani pesa zenyewe zilikuwa za madini ya fedha.

Karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Pangani, ikafuata bonde la mto Pangani kupitia Korogwe kwenda bara. Katika biashara ya pwani ilitumika reale, yaani sarafu kubwa yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Reale ilikuwa na uzito wa gramu 28. Sehemu tano kati ya sita zilikuwa fedha. Sarafu hizo huonyesha mwaka 1780, hata zile zilizotengenezwa miaka mingi baadaye.

Kisha wakaja Wajerumani. Kuanzia mwaka 1890 ikatolewa rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ilikuwa na gramu 11 na nusu na kidogo, na sehemu 11 kati ya 12 zilikuwa fedha. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yakaenea, na vibarua wakalipwa kwa rupia.

Masonara wa pwani waliyeyusha sarafu kama hizo. Wakafua bangili, vikuku, mikufu na pete. Kwa hiyo pete ya zamani uliyonayo huenda iliwahi kuwa sarafu.

Lakini jihadhari. Shilingi ya Afrika Mashariki ya Waingereza, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa na robo tu ya fedha. Ilionekana nyeupe, lakini robo tatu yake ilikuwa madini mengine. Shilingi hiyo haifai kwa pete nzuri. Sarafu tunazotumia leo dukani hazina fedha ndani yake, na kuziharibu ni kosa.

JINSI SONARA ANAVYOUNGA PETE

Fedha safi ni laini mno. Sonara huichanganya na shaba kidogo ili iwe ngumu. Mchanganyiko unaojulikana sana una sehemu 925 za fedha katika kila sehemu 1,000. Ndiyo maana pete nyingi zina namba 925 ndani yake.

Kwanza sonara anapima kidole kwa ukanda wa karatasi. Urefu wa karatasi si urefu wa fedha. Lazima aongeze kidogo, kwa sababu fedha ina unene. Kama fedha ina unene wa milimita moja na nusu, anaongeza karibu milimita tano. Asipoongeza, pete itabana.

Pili, anailainisha fedha. Fedha ikifuliwa kwa nyundo huwa ngumu, na mwisho hupasuka. Sonara anaipasha moto mpaka iwe na wekundu hafifu, kisha anaiacha ipoe. Kazi hii hufanywa kivulini. Juani wekundu hauonekani, na fedha inaweza kuyeyuka ghafla.

Tatu, anaikunja fedha juu ya chuma cha mviringo. Anatumia nyundo ya mti ili asiiachie alama. Ncha mbili anazisawazisha kwa tupa mpaka zikutane kabisa. Anaiinua pete juu na kutazama mwanga. Mwanga ukipita katika kiungo, kazi bado. Lehemu huunga vitu vilivyogusana. Lehemu haizibi pengo.

Nne, anasafisha. Mafuta ya vidole yanatosha kuzuia lehemu isishike. Anasugua kiungo kwa msasa, kisha hakigusi tena kwa mkono.

Tano, anapaka tinkali. Tinkali ni unga mweupe unaochanganywa na maji. Kazi yake ni kuzuia hewa isiharibu kiungo wakati wa moto. Bila tinkali lehemu hujikusanya kama tone la maji juu ya jani la myugwa. Haitembei.

Sita, anaweka lehemu. Hii ni lehemu ya fedha. Sehemu yake kubwa ni fedha yenyewe, na iliyobaki ni shaba na zinki. Huyeyuka katika joto la nyuzi 700 na zaidi. Pete ya 925 huanza kuyeyuka baada ya nyuzi 800. Basi nafasi ya sonara ni ndogo. Moto ukipungua, lehemu haiyeyuki. Moto ukizidi, pete yenyewe inakwisha. Kipande cha lehemu kinachotosha ni kidogo kuliko punje ya mtama.

Saba, anatia moto. Masonara wa zamani walipuliza moto wa taa kwa mrija wa shaba. Siku hizi wengi hutumia moto wa gesi. Mwanafunzi hukosea kwa kuichoma lehemu peke yake. Sonara mzoefu huipasha pete yote, kwa sababu lehemu hufuata joto. Tinkali inachemka, kisha inatulia na kuwa kama kioo. Ghafla lehemu inang'aa na kukimbia ndani ya kiungo. Hapo anaondoa moto mara moja.

KUNG'ARISHA

Pete ikitoka motoni ni nyeusi, na tinkali imeganda juu yake. Sonara anaitia katika maji ya moto yenye shabu au tindikali dogo. Weusi unatoka, na pete inakuwa nyeupe bila kung'aa. Haingizi koleo la chuma humo. Chuma kikiingia, shaba iliyomo katika maji hayo huipaka pete rangi nyekundu. Hutumia koleo la shaba au kijiti.

Kisha anaondoa lehemu iliyozidi kwa tupa laini. Baada ya tupa ni msasa mkavu, kisha msasa laini, kisha laini zaidi. Kila msasa una kazi moja: kufuta mikwaruzo ya msasa uliotangulia. Sonara hubadili upande wa kusugua ili aone kama mikwaruzo ya kwanza imekwisha. Akiruka hatua moja, mkwaruzo utabaki, na mng'aro utauonyesha zaidi.

Mwisho anasugua kwa ngozi laini yenye unga wa kung'arishia. Anaosha pete kwa maji na sabuni. Sasa tafuta kiungo. Kazi ikiwa nzuri, hutakiona.

Pete yako ikiwa nyeusi nyumbani, usiikwaruze kwa mchanga. Weusi huo unaletwa na salfa iliyomo katika hewa na katika jasho. Chukua sufuria kuukuu ya alumini. Tia maji ya moto, chumvi kidogo na kijiko cha magadi. Weka pete iguse sufuria kwa dakika chache, kisha ioshe. Sufuria itafifia, pete itang'aa. Pete yenye jiwe usiitie humo, kwani jiwe linaweza kuharibika.

LINDA AFYA YAKO

Kazi ya sonara ni nzuri, lakini ina hatari zake.

Risasi ni sumu. Huharibu ubongo wa mtoto na humdhuru mama mjamzito. Usiyeyushe risasi jikoni, wala katika chombo cha chakula. Ukiigusa, nawa mikono kabla ya kula.

Kuna lehemu za fedha zilizotiwa kadimiamu ili ziyeyuke upesi. Moshi wake unaharibu mapafu na unaweza kuua. Uliza kabla ya kununua. Nunua lehemu isiyo na kadimiamu. Hata hivyo, fanya kazi mahali penye hewa.

Ukichanganya tindikali, tia tindikali ndani ya maji. Usitie maji ndani ya tindikali, itakurukia usoni. Weka mbali na watoto.

Ukitumia mashine inayozunguka, funga nywele na kunja mikono ya nguo. Vaa miwani, na funika pua kwa sababu ya vumbi.

UNAPONUNUA PETE

Wanaume wengi Waislamu huvaa pete ya fedha, kwa kuwa dini yao inawakataza wanaume kuvaa dhahabu. Kwa hiyo wanunuzi wa fedha wapo katika wilaya zetu, na wadanganyifu wanajua hivyo. Tazama alama ya 925, lakini usiiamini peke yake. Mtu yeyote anaweza kuigonga. Jaribu kwa sumaku. Pete ikivutwa, ndani kuna chuma. Isipovutwa, bado hujathibitisha, kwa maana shaba nayo haivutwi. Kuna pia madini yanayoitwa "fedha ya Kijerumani". Hayo ni shaba, nikeli na zinki. Hayana fedha hata chembe. Njia iliyo bora ni kununua kwa sonara anayejulikana, na kudai risiti yenye uzito na aina ya madini.

Ukipeleka pete kuungwa, uliza swali moja: "Unatumia lehemu gani?" Akijibu risasi, chukua pete yako.

KAZI KWA VIJANA WETU

Kalalani, wilayani Korogwe, vito huchimbwa. Magambazi, wilayani Handeni, dhahabu huchimbwa. Jiwe ghafi lina bei ndogo kuliko jiwe lililokatwa na kuwekwa vizuri katika pete. Tofauti ya bei hiyo humwendea yule mwenye ujuzi. Mjini Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, ambako watu hufundishwa kukata na kung'arisha vito. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 ili kuwasaidia mafundi wadogo, nalo lina ofisi Tanga. Kijana anayetaka kazi hii aanze kwa kuuliza huko. Akumbuke pia kwamba kununua na kuuza dhahabu na vito kunahitaji leseni.

Vifaa vya kuanzia si vingi: nyundo, tupa, koleo, msasa, tinkali na moto. Kinachohitaji muda ni jicho la kuona rangi ya moto, na uaminifu wa kusema kweli juu ya lehemu uliyotumia. Pete ya bibi haina ya pili.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini lehemu ya redio haifai kwa pete ya fedha?
2. Tinkali inafanya kazi gani?
3. Sonara anajuaje kwamba ncha mbili za pete zimekutana?
4. Taja hatari mbili za kazi hii na njia za kujikinga.
5. Je, kijijini kwenu kuna mzee mwenye pete au sarafu ya zamani? Mwombe awaeleze ilitoka wapi.