Je, Wajua? Macheo ya Mombo Yako Magharibi

Je, wajua kwamba Mombo na Pangani, zote za Mkoa wa Tanga, hazimpi mpiga picha alfajiri moja? Pangani jua huchomoza kutoka baharini. Mombo imekaa chini ya ukuta wa Milima ya Usambara, upande wa kusini-magharibi, kwa hiyo nyika ya mbali huanza kung'aa mji ungali kivulini, hasa mwezi Juni jua linapotokea kaskazini-mashariki. Hapo lipe jua mgongo: picha iko nyikani.

Ufukweni kazi ni nyingine. Usiikate mandhari katikati kwa mstari wa upeo. Mawingu yakiwaka, yape theluthi mbili za picha. Mbingu ikiwa tupu, inama, kamera ikaribie mchanga. Maji yakipwa huacha vijito na matuta madogo yanayoshika mwanga, na ngalawa iliyopumzika, omo ikielekea baharini, hulivuta jicho hadi kwenye jua. Ila kesho usitarajie maji yaleyale saa ileile: kupwa na kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku.

Na huku karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, rangi ya dhahabu haingoji mtu. Anayesubiri jua litoke ndipo atafute pa kusimama amekwisha kuchelewa. Fika kabla ya saa 12 asubuhi.